Kongosho lina kesi na chumvi pia, si na sukari tu

Ukimwambia mtu apunguze chumvi, atakuuliza kama presha imepanda. Ukimwambia alinde kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, ataacha soda na keki, kisha ataendelea kunyunyiza chumvi kwenye sahani kabla hajaonja. Tumezoea kugawa hivyo: chumvi ni ya moyo, sukari ni ya kisukari. Naona mgawanyo huo umeipa chumvi nafuu isiyostahili.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane, Marekani, walichapisha uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya 400,000 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa karibu miaka 12. Watu hao walikuwa wameulizwa jambo jepesi: huongeza chumvi kwenye chakula mara ngapi? Wakilinganishwa na wasioongeza au wanaoongeza kwa nadra, waliojibu "wakati mwingine" walikuwa na hatari ya kisukari aina ya 2 iliyozidi kwa asilimia 13, wa "mara nyingi" 20, na wa "kila mara" 39. Kinachonishika ni jinsi namba hizo zinavyopanda kwa mfuatano, kila hatua juu ya iliyotangulia. Najua asilimia huweza kutisha kupita kiasi. Waliougua walikuwa kama 13,000, yaani takriban 3 katika kila 100, hivyo hiyo 39 ni mgonjwa mmoja na ushei wa ziada katika kila 100. Kwa mtu mmoja ni hatari ndogo. Lakini katika watu milioni wenye tabia hiyo, ni wagonjwa zaidi ya 10,000.

Wanaopinga wanasema utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo: apendaye chumvi huenda pia anakula zaidi na ana uzito mkubwa. Ni kweli, na watafiti wenyewe walikuta kwamba unene unaeleza sehemu ya uhusiano huo. Ila kama chumvi ndiyo inayochochea kula, basi unene ni njia inayopitia, na hauwezi kutumiwa kuitetea.

Njia hiyo imeonekana kwa panya. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Colorado lilionyesha kwamba chumvi nyingi huamsha kimeng'enya kinachofanya ini ligeuze glukosi kuwa fruktosi, aina nyingine ya sukari. Panya hao waliacha kuitikia leptini, homoni ya shibe, wakanenepa, ini likajaa mafuta na insulini ikakosa nguvu. Waliozaliwa bila uwezo wa kuvunja fruktosi walinusurika. Hapo ndipo kongosho linapoingia: mwili ukipuuza insulini, seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, hulazimika kutengeneza nyingi zaidi, siku baada ya siku, mpaka zinashindwa. Panya si binadamu, lakini mtiririko huo wa matukio tunaufahamu vizuri kwa wagonjwa wetu.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili ni ya mwaka 2011. Watu 152 wenye afya walipopewa chakula chenye chumvi kidogo kwa siku 7, ukinzani wao dhidi ya insulini uliongezeka, yaani miili yao iliiitikia kwa uhafifu zaidi. Matokeo hayo yanaeleweka: chumvi ikipungua ghafla, mwili huongeza angiotensini ili kuhifadhi maji, na homoni hiyo haisaidii kazi ya insulini. Siyapuuzi. Lakini kiwango walichopewa hakikuzidi chumvi gramu 1 na kidogo kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5, na wastani wa dunia unakaribia 11. Kumwonya anayekula gramu 11 kwa matokeo ya gramu 1 ni kumtisha kwa hatari ambayo haiko karibu naye.

Tena wiki moja haitoshi kuihukumu ogani inayochoka kwa miaka. Jaribio ninalolisubiri ni la kuwashusha watu kutoka gramu 11 hadi 5, wabaki hapo miaka kadhaa, na kazi ya seli za beta ipimwe pamoja na presha.