Uchumi Ukiyumba, Miti Ndiyo Hukatwa Kwanza

Vijana wanaosomea usanifu wa mandhari, yaani kazi ya kuchora bustani, miti na maeneo ya nje ya majengo, nyumbani Kenya huniuliza swali lilelile: huko Uingereza kazi zipo? Wengi huuliza wakiamini kwamba uchumi hudorora kwetu tu, na kwamba ukishavuka bahari umepona. Nimefanya kazi hii pande zote mbili. Pesa zikipungua, sisi ndio wa kwanza kuguswa, uwe Kenya au Uingereza. Tofauti iko kwenye kile kinachosalia baada ya kupunguziwa bajeti, na hapo nina maoni yasiyowafurahisha wenzangu wote.

Chanzo cha shida ya 2023 na 2024 kilikuwa kimoja, riba. Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba hadi asilimia 5.25 mnamo Agosti 2023, ikaishikilia hapo mwaka mzima. Benki Kuu ya Kenya nayo ilifikisha asilimia 13 Februari 2024. Wanaojenga nyumba za kuuza hujenga kwa mikopo, na mkopo ukiwa ghali viwanja hubaki na uzio wa mabati na magugu. Sisi huingia saiti mwishoni, baada ya msingi, kuta, paa na mabomba, wakati akiba ya mwenye mradi imekwisha. Mkadiriaji wa gharama hufungua BQ, ile orodha ya kazi na bei zake, akafika kurasa za kazi za nje, na kalamu ikaanza. Kabro, matofali ya kutandika chini, hubaki kwa sababu magari lazima yaegeshwe. Mabenchi hufutwa. Miti hupunguzwa nusu, na udongo wa juu wenye rutuba uliouandikia sentimita 30 huteremshwa hadi 10.

Mti wenye shina la mzunguko wa sentimita 18 hadi 20 hugeuzwa kuwa wa 8 hadi 10. Hilo halinisumbui sana, kwa sababu mti mdogo mara nyingi hushika haraka kuliko mkubwa uliong'olewa kitaluni na kuachwa na mizizi haba. Kinachoniuma ni udongo. Ardhi iliyopitiwa na malori kwa miezi huwa imeshindiliwa ikawa sakafu. Ukichimba shimo humo na kutia mche bila kuilegeza ardhi ya pembeni, maji ya mvua hutuama shimoni, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mche haufi siku hiyo. Hunyauka polepole, msimu wa pili au wa tatu, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Huku Uingereza, kibali cha ujenzi kutoka kwa halmashauri huja na masharti. Sharti la kawaida kabisa husema mpango wa upandaji uidhinishwe, na mmea wowote utakaokufa ndani ya miaka 5 upandwe mwingine mahali pake. Mwenye mradi aweza kupunguza atakavyo, lakini hilo linamfuata. Na tangu 12 Februari 2024, upande wa England, miradi mikubwa ya ujenzi inatakiwa kuongeza thamani ya bioanuwai, yaani ya mimea, wanyama na makazi yao, kwa angalau asilimia 10, na ongezeko hilo litunzwe kwa miaka 30. Sheria hiyo ilianza wakati riba ikiwa juu kabisa, na sisi tuliokuwa tukihesabu nani atapunguzwa kazini tukajikuta tumekaa na wanaikolojia, tukichora upya na kuandika mipango ya utunzaji. Aliyetubakiza kazini, kwa maoni yangu, ni mtunga sheria. Ukarimu wa wateja haukuhusika.

Kwetu Kenya sheria zipo. NEMA, mamlaka ya mazingira, hudai tathmini ya athari kwa mazingira, na tuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ila mti uliochorwa kwenye ramani ya kuombea kibali, nani huurudia miaka 3 baadaye kuangalia kama uko hai? Tunafundishwa chuo kikuu cha JKUAT hadi shahada, tuna tawi letu ndani ya AAK, chama cha wasanifu majengo, lakini sheria ya Sura 525 imewekwa kwa ajili ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Sisi hatumo, kwa hiyo tunabembeleza. Mteja akiwa na pesa anatuita, zikipungua anamwita mwenye kitalu aje na pikapu na miche. Wala simdharau mwenye kitalu. Mara nyingi anajua kutushinda ni mmea gani utavumilia kiangazi bila bomba. Lakini hawezi kukuambia maji ya mvua ya paa lote lile yataelekea wapi.

Jambo jingine ambalo sisi Wakenya hatulizungumzi vya kutosha ni kwamba bustani nyingi tunazozivulia kofia ughaibuni zilizaliwa na shida. Mtikisiko wa mabenki wa 1857 uliwaacha wanaume wengi wa New York bila kazi, na jiji likawaajiri kwa maelfu kuchimba na kusawazisha Central Park, iliyochorwa na Olmsted na Vaux. Pamba ya Marekani ilipokatika wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, walibaki na njaa, na baadhi yao walilipwa kuitengeneza Alexandra Park ya Oldham, iliyofunguliwa 1865. Kisha Rais Roosevelt wa Marekani, mwaka 1933, akaunda kikosi cha vijana wa kuhifadhi mazingira. Hadi 1942 walikuwa wamepita humo takriban vijana milioni 3, wakipanda miti, kujenga njia za miguu na kutengeneza mbuga. Nyuma yao walikuwapo wasanifu mandhari waliolipwa kuchora.

Sisi mwaka 2020 tulikuwa na Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua wakati wa korona. Vijana walifagia, wakazibua mitaro, wakafyeka. Iliwapa riziki wakati mbaya na siwezi kuibeza. Lakini nilikuwa nikiangalia picha zile nikiwa mbali na kutamani kila kaunti ingeajiri msanifu mandhari hata mmoja, aseme: mtaro huu tusiuzibue kila mwezi, tuugeuze, tuupe mteremko, tuupandie matete, hapa juu tuweke njia na kivuli. Mikono ilikuwepo, na mishahara pia. Mchoro ndio haukuwepo.

Ndivyo ninavyouona pia mpango wa serikali ya Kenya wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tulipewa hata sikukuu ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, na nchi nzima ikashika majembe. Nauunga mkono. Ila tunahesabu miche inayoingia ardhini, wakati hesabu inayofaa ni ya miti iliyosimama baada ya miaka 5. Na asiseme mtu kwamba hilo ni la ughaibuni tu. Machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti 1971, yalikuwa jangwa jeupe. Alijaribu aina 26, zikaishi chache mno, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu yalikataa kuoza hadi alipoleta jongoo wayatafune, na hapo udongo ukaanza kujengeka. Hayo yalifanyika Kenya, kwa kurudi palepale kila msimu kuangalia kilichokufa na kuuliza kwa nini.

Sasa nirudi kwenye swali la vijana. Nyumbani, kazi zikikauka utachora nyumba ya jirani, utasimamia kitalu, utafundisha muhula mmoja, na hakuna wa kukufukuza nchini. Huku sheria inailinda miti kuliko inavyokulinda wewe. Ukiwa kwa viza ya kazi na mwajiri akakupunguza, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kukudhamini au kuondoka, na malipo ya kisheria ya kupunguzwa hayakuhusu kama hujatimiza miaka 2 kazini. Nimeona wenzangu wenye vipaji wakifunga mizigo mradi wao ukiwa nusu.

Kwa hiyo ukipata barua ya ajira, usiangalie mshahara peke yake. Uliza kama watakugharimia njia ya kupata usajili wa Landscape Institute, chama cha wasanifu mandhari wa Uingereza, maana cheti hicho utaondoka nacho hata ofisi ikifungwa. Kisha uliza kazi zao zinatoka wapi. Ofisi yenye halmashauri, hospitali, shule na barabara kwenye orodha yake itayumba lakini itasimama. Ile inayotegemea kampuni mbili tatu za kujenga nyumba itaanza kupunguza watu riba ikipanda tu, na itaanza na waliofika mwisho.