Dawa ya Konokono Tumeipima kwa Mizani Isiyo Yake

Hukumu inayotolewa kuhusu zikonotidi huwa fupi: miaka mingi ya utafiti, fedha nyingi, wagonjwa kiduchu. Dawa hii ya maumivu sugu, iliyotokana na sumu ya konokono wa baharini, iliidhinishwa Marekani Desemba 2004 kwa jina la Prialt, na tangu hapo imebaki pembezoni mwa tiba ya maumivu. Kwa hiyo kuna madaktari na wachambuzi wanaoiorodhesha miongoni mwa ahadi ambazo maabara ilizitoa na hospitali ikashindwa kuzipokea. Wana hoja nzito, na nitazifikia. Lakini naona wanachokipima ni mauzo, ilhali kazi ya Baldomero Olivera, mwanasayansi aliyeichunguza sumu hiyo, na wenzake ilikuwa na swali lake kuhusu uti wa mgongo, na swali hilo lilijibiwa.

Olivera, mzaliwa wa Manila, alikuwa amebobea katika vimeng'enya vya DNA alipokuwa Marekani. Aliporudi Ufilipino hakukuta vifaa vya kuendeleza kazi ile, akageukia kilichokuwepo baharini: konokono wa jamii ya Conus, wenye gamba zuri lenye umbo la pia na mwiba wenye sumu. Jamii hiyo ipo pia kwenye miamba yetu ya pwani ya Afrika Mashariki, na anayeokota magamba asimshike mkononi aliye hai, kwa maana Conus geographus ameua watu. Akishirikiana na Lourdes Cruz, na baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Utah, Olivera aliitenganisha sumu hiyo sehemu baada ya sehemu. Mwanafunzi wake, Craig Clark, ndiye aliyependekeza panya wadungwe ubongoni badala ya tumboni. Hapo mambo yakafunguka: sehemu moja ya sumu ilimlaza panya, nyingine ilimfanya ajikune, nyingine ilimtetemesha. Michael McIntosh, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka sekondari, akaitenga kutoka kwa konokono aitwaye Conus magus peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini) ya kutetemesha. Ndiyo hiyo iliyokuja kuwa zikonotidi.

Thamani yake inaonekana ukifuata njia ya maumivu yenyewe. Neva inayoleta taarifa kutoka kwenye ngozi, msuli au mfupa huishia kwenye pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, na hapo huikabidhi kwa neva nyingine inayopanda ubongoni. Makabidhiano hayo hufanywa kwa kemikali, na kemikali haimwagwi mpaka kalsiamu iingie kwenye ncha ya neva ya kwanza. Kalsiamu hupitia milango maalumu, na milango ya aina iitwayo N imesongamana katika tabaka za juu kabisa za pembe hiyo. Zikonotidi hukaa mdomoni mwa mlango huo na kuuziba. Kalsiamu haiingii, kemikali haimwagwi, taarifa haipandi.

Kwa upande wa kemia, molekuli hii inastahili heshima yake. Ni mnyororo wa asidi amino 25 ulioshikizwa na vifungo vitatu vya salfa. Sehemu sita zenye salfa zinaweza kuunganishwa jozi kwa jozi kwa namna 15, na ni namna moja tu inayotoa umbo la konokono. Wakemia walipoiunda upya maabara hawakubadilisha hata kiungo kimoja. Walichotengeneza ndicho alichonacho konokono.

Sasa linganisha na morfini. Nayo hufanya sehemu ya kazi yake palepale kwenye uti wa mgongo, ila kwa kuzunguka: hushika kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea, kipokezi kikatuma ujumbe ndani ya seli, na ujumbe huo ukapunguza kufunguka kwa milango ileile ya N. Mzunguko huo ndio mwili unaouzoea, hata dozi ikawa inapanda mwezi hadi mwezi. Zikonotidi huenda mlangoni moja kwa moja. Haizoeleki kama morfini, haizimi pumzi, na mgonjwa anaweza kuachishwa ghafla bila arosto. Mara nyingi husifiwa kuwa na nguvu mara 1,000 kuliko morfini, sifa ambayo mimi naiona haina maana kubwa, maana inahusu udogo wa dozi tu. Kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza ilithibitika kwa binadamu kuwa maumivu makali yanaweza kupunguzwa kwenye uti wa mgongo kwa kuziba mlango mmoja, bila kugusa kipokezi cha afyuni, kile ambacho morfini hukishika.

Je, yalipunguzwa kiasi gani? Hapa wakosoaji wanasimama imara. Jaribio lililochapishwa 2004, lenye wagonjwa 111 wa saratani au UKIMWI, lilionyesha alama za maumivu zikipata nafuu ya asilimia 53 kwa waliopewa dawa, na 18 kwa waliopewa kimiminika kisicho na dawa. Jaribio la 2006, lenye wagonjwa 220, lilitoa asilimia 14.7 dhidi ya 7.2. Kutoka 53 hadi 14.7 ni anguko, na sitaki kulipamba. Lakini tusilisome haraka. Katika jaribio la kwanza dozi ilipandishwa ndani ya siku 5 hadi 6, nafuu ikaja pamoja na kizunguzungu, kuchanganyikiwa na madhara mengine mazito. Katika la pili ilipandishwa taratibu kwa wiki 3 ili kuwaepusha wagonjwa na madhara hayo, na wagonjwa wenyewe walikuwa watu ambao, kwa asilimia 97, watafiti walisema maumivu yao yalikuwa yameshindikana kwa kila tiba.

Yaweke majaribio hayo mawili pamoja na utaona yanasema jambo moja. Ukiuziba mlango vya kutosha, maumivu yanashuka sana, lakini akili inayumba. Ukiuziba kidogo, akili inatulia na nafuu inakuwa haba. Sababu inajulikana: milango ya N haiko kwenye uti wa mgongo peke yake. Imejaa ubongoni, na dawa inayowekwa kwenye maji ya uti wa mgongo inaweza kupanda hadi huko. Ipo hata kwenye neva zinazodhibiti mishipa ya damu, ndiyo maana dawa hii ikidungwa kwenye mshipa hushusha presha. Kwangu mimi kasoro iko kwenye njia ya kuifikisha dawa. Lengo lenyewe lilichaguliwa sawasawa.

Gharama ya kasoro hiyo, hata hivyo, anaibeba mgonjwa. Kwa kawaida inabidi apasuliwe, awekewe pampu chini ya ngozi na mrija hadi kwenye uti wa mgongo, vitu vya maelfu ya dola. Dawa inabeba onyo zito kabisa la mamlaka ya Marekani kuhusu matatizo ya akili, na aliyewahi kuugua saikosisi, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, hapewi kabisa. Mtoa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wa Uganda, ambako Hospice Africa iliyoanzishwa 1993 imewafikia wagonjwa kwa morfini ya maji inayonyweka nyumbani, ana haki ya kuuliza pampu hiyo inamhusu nini. Leo haimhusu. Morfini ya bei nafuu ipewe kipaumbele chake, na hakuna utafiti wa konokono unaopaswa kuichukulia nafasi.

Wakosoaji wana kete nyingine: Z160, kidonge kilichobuniwa kuziba milango hiyohiyo ya N, ambacho kilishindwa katika majaribio mwaka 2013. Wanasema basi mlango wenyewe ulisifiwa kupita kiasi. Nasita kukubali. Ile ilikuwa molekuli ndogo isiyofanana kabisa na peptidi ya konokono, na kidonge kinaweza kushindwa kwa sababu hakikufika mahali pake kwa wingi au hakikuziba vya kutosha.

Tangu Januari 2025 sifa zimehamia kwa suzetrijini, kidonge kisicho cha afyuni kilichoidhinishwa Marekani kwa maumivu ya muda mfupi. Hiki huziba mlango wa sodiamu ulioko hasa kwenye neva za maumivu nje ya ubongo na uti wa mgongo, na hivyo hukwepa tatizo lililoikwamisha zikonotidi. Ni hatua kubwa, naipokea kwa furaha. Ila Desemba 2024, kilipojaribiwa kwa maumivu ya muda mrefu yanayotoka kiunoni kushuka mguuni, alama zilishuka kwa 2.02 kwa waliokimeza, na kwa 1.98 kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Maumivu ya aina hiyo ndiyo yanayowatesa wengi wa wale ambao zikonotidi ilijaribiwa kwao, na huenda kwao tatizo limeshahamia ndani ya uti wa mgongo. Anayetaka kufunga faili la Olivera kwa sababu dawa yake haikuuzwa aeleze kwanza wagonjwa hao watatibiwa kwa kuziba nini, na wapi.