Bundi Kaanguka Kwangu

Tanga ni waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyosifiwa. Naomba mtu awafikishie habari hiyo panya wa Ngamiani. Hawa wangu walikuja nilipohamia, wakaoa, sasa wana wajukuu.

Wamenilia mchele, sabuni, na mfuko wa kanzu niliyoiweka ya Idi. Nikavumilia. Lakini usiku mmoja wakaning'ata kisigino huku wakipuliza, kama watu wasemavyo, wala sikuhisi kitu. Mama watoto ndiye aliyeona damu kwenye shuka asubuhi. Nikasema sasa basi.

Akapita yule kijana wa baiskeli na spika yake: "Panya, mende, kunguni, viroboto, wote kwisha habari!" Nikampa buku, akanipa kifuko cha nailoni kisicho na jina wala maandishi, ndani punje za pinki kama peremende. Nikauliza inafanyaje kazi. "Mzee, wewe weka tu."

Nikaweka. Siku ya kwanza wakala. Ya pili wakala, wakarudia. Ya tatu nikaona nimewafungulia mgahawa. Siku ya nne, mchana kweupe, mmoja akatoka uvunguni, akakatiza sebule polepole kama mstaafu anayefuata pensheni, akasimama katikati ya mkeka, akanitazama. Nikampisha. Akatoka zake uani.

Ijumaa alfajiri nafungua mlango, bundi kalala chali kizingitini. Mfu. Uso mweupe, umechongoka kidevuni kama kopa la karata, mabawa kayatandaza.

Mitaa yetu mnaijua. Sijavaa hata kandambili, watu wameshajaa. "Kaanguka! Nyumba hii ina kinga!" Mmoja anazunguka nyuma ya choo kutafuta ungo. Bi mkubwa wa nyumba ya pili akamtazama bundi, akanitazama mimi, akarudi kwake akapiga komeo. Jioni wakaja wazee wawili, kwa adabu zote, kuniuliza mganga wangu ni nani na anachukua kiasi gani. Hata muuza duka anayenidai akasema deni halina haraka, shehe wangu.

Nikanyamaza. Ningesema nini?

Aliyeniharibia ni mpwa wangu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. "Mjomba, uliweka sumu gani?" Nikamwonyesha kifuko. Akashika kichwa. Eti nyingi ya sumu hizi huzuia damu isigande. Panya anavuja ndani kwa ndani siku kadhaa, na siku zote hizo anaendelea kula, mpaka anakuwa sambusa ya sumu yenye miguu. Bundi anamkuta kazubaa, anammeza mzimamzima. Paka naye ndiyo hivyo hivyo.

"Na bundi huyu alikuwa anakula panya kadhaa kila usiku, mjomba. Bure."

Bure! Na mimi nimetoa buku.

Akaongeza kuwa pale chuoni kwao panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nikamwambia wangu hawajafika huko, wamebobea kwenye mchele.

Basi tumemzika bundi, shimo refu mbwa wasifukue, pamoja na panya wote tuliowaokota. Matundu nimeyaziba kwa stilwaya na saruji. Mchele uko kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtego wa kubana nao upo, na unafanya kazi: wa kwanza kunaswa ni kidole changu cha mguu.

Jana usiku bundi mwingine akalia kwenye mwembe. Madirisha yakafungwa mtaa mzima, Bi mkubwa akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti. Mimi nikatoka uani, kanga ya mke wangu begani, nikamnong'oneza: "Karibu, karibu sana. Wanapita hapa nyuma ya banda."

Kugeuka, muuza duka kasimama ukutani, ananitazama.

Leo asubuhi deni lote limefutwa.