Papa kasingiziwa

Eti mwandishi mmoja wa habari anasema kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa kasia, imekutwa baharini ikielea tupu, basi papa ndiye muuaji? Jamani! Dunia nzima papa huua watu wasiofika hata 20 kwa mwaka, na wengi wao ni waogeleaji na wateleza mawimbi. Wapiga kasia wanaokufa majini, wengi huzama tu. Maji yakiwa baridi, ukipinduka unatweta dakika ile ile ya kwanza na kumeza maji. Dakika kama 10 baadaye vidole havishiki tena ukingo wa kayaki. Upepo wa kutoka nchi kavu nao unaisukuma kayaki upesi kuliko unavyoweza kuogelea. Hata alama za meno mwilini si ushahidi, papa hula mizoga pia. Mwandishi huyo hakuuliza hata hili: jaketi la kujiokolea lilikuwa kifuani, au limefungwa nyuma ya kiti?