Watu 1,200 wameingia kwenye tovuti. Wamelala wapi?

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano Langoni, hapa mjini Lamu. Kwa miezi minane alikuwa akimlipa fundi wa tovuti shilingi 25,000 kila mwezi, kwa ahadi kwamba atamfikisha ukurasa wa kwanza wa Google. Mwezi wa tisa akaniita. Tulikaa kwenye daka la nyumba, akanipa simu yenye ripoti ya fundi, iliyosema watu 1,200 wameitembelea tovuti mwezi huo. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wote hawa wamelala wapi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko ripoti yenyewe. Kazi aliyokuwa akiilipia, mafundi huiita SEO, yaani kuitengeneza tovuti ili injini za utafutaji ziielewe na kuipandisha juu mtu anapotafuta kitu. Mjini kwetu kazi hii imewagawa watu. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo njia pekee ya nyumba ndogo kujitoa mikononi mwa mitandao mikubwa ya kubuku vyumba, na wapo wanaoiona kuwa pesa zinazotupwa baharini. Nimewasikiliza wote, na sioni upande uliokosea moja kwa moja.

Wanaoikataa wengi ni watu wazima, na hoja yao ni ya kale: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgeni aliyelala vizuri, akapikiwa samaki wa kupaka, akapelekwa Manda na nahodha anayeyajua maji, atarudi mwakani na rafiki zake. Hili si la kubeza. Zipo nyumba hapa ambazo wageni wake wanawafahamu watoto wa mwenye nyumba kwa majina na huuliza habari zao kwa WhatsApp mwaka mzima. Nyumba kama hiyo haina haja ya kumlipa mtu.

Lakini methali hiyo ilizaliwa sokoni, mahali ambapo kizuri na kibaya vimepangwa bega kwa bega na mnunuzi anapita akivitazama vyote. Anayepanga safari akiwa Milan au Nairobi hapiti sokoni kwetu. Anachokiona ni mistari michache kwenye kioo cha simu, na kizuri kisichokuwemo kwenye mistari hiyo kwake hakipo. Tena kamba ya marafiki hukatika. Ilikatika baada ya utekaji nyara wa wageni mwaka 2011, ikakatika tena baada ya mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na korona ilipoingia 2020 ndiyo kabisa. Waliotegemea wageni wa zamani peke yao walikaa na vyumba vitupu wakingoja simu ilie.

Wanaoiunga mkono huanza na kamisheni, nami nikaona tupige hesabu. Chumba cha shangazi ni shilingi 4,000 kwa usiku. Mtandao wa kubuku ukimletea mgeni hukata asilimia 15, sawa na shilingi 600. Mgeni wa siku tatu huondoka na shilingi 1,800 za kamisheni. Ili ile 25,000 ya fundi irudi kwa kuokoa kamisheni tu, kila mwezi lazima wageni 14 wa siku tatu tatu waache kubuku kule na waje moja kwa moja. Hizo ni siku 42 kati ya 150 ambazo vyumba vyake vitano vinazo kwa mwezi. Disemba na Januari, kaskazi likivuma na mji umejaa, pengine. Mei na Juni, mvua za masika zinapopiga na baadhi ya nyumba zimefungwa, sahau.

Hesabu hugeuka iwapo tovuti inaleta wageni wapya kabisa, ambao wasingeijua nyumba hiyo kwa njia nyingine. Watatu tu wa siku tatu wanaingiza shilingi 36,000 kabla ya gharama. Kwa hiyo wanaotetea kazi hii hawaoti, ila faida yao yote inategemea ni nani anayeingia kwenye tovuti, na hapo ndipo ripoti ya fundi ilipokuwa kimya.

Nilifungua tovuti yenyewe. Watu wengi kati ya wale 1,200 walikuwa wamefikia makala moja ya fukwe nzuri za Afrika, iliyonakiliwa kutoka kwingine, wasome aya mbili kisha waende zao. Hawakuwa wakitafuta Lamu. Kisha chini kabisa ya ukurasa wa mwanzo kulikuwa na nafasi kubwa iliyoonekana tupu. Nilipoikandamiza kwa kidole kana kwamba nataka kunakili, maneno yakajitokeza: hoteli Lamu, hoteli rahisi Lamu, hoteli bora Lamu, kwa Kiingereza, mara nyingi sana, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Shangazi alikaa kimya akiyatazama. Nyumba yake ambayo hufagiwa mara mbili kwa siku ilikuwa na uchafu uliofichwa chini ya mkeka, na yeye ndiye aliyeulipia.

Ujanja huo una historia. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao kubwa lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi zenye heshima una uzito zaidi. Ni kama mtu anayetajwa kwa wema barazani na watu wanaoaminika. Haikuchukua muda watu wakaanza kununua wa kuwataja. Wengine wakajaza maneno yaleyale mpaka ukurasa hausomeki. Google ikaanza kubana. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba ile orodha ya maneno msingi inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa haiitazami katika kupanga matokeo. Februari 2011 ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyozishusha tovuti zenye maandishi hafifu na ya kunakili, na Aprili 2012 yakafuata yaliyoitwa Penguin, yaliyowaandama wanaolipia kurasa nyingine ziwataje na wanaorundika maneno. Machi 2024 ikaongeza masharti dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kuvuta utafutaji. Alichokifanya yule fundi kilikuwa kimepitwa na wakati zaidi ya miaka kumi, na kilikuwa kinaihatarisha tovuti badala ya kuisaidia.

Namtendea haki kwa jambo moja. Maelekezo ya Google kwa wenye tovuti yanasema kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya matunda kuonekana. Miezi minane bila wageni si ushahidi dhidi ya mtu. Maelekezo hayohayo, hata hivyo, yanasema hakuna anayeweza kumhakikishia yeyote nafasi ya kwanza, na hiyo ndiyo ahadi aliyoiuza.

Ni kipi basi kinachostahili jasho? Kushindania maneno kama hoteli Lamu ni kushindana na mitandao ya dunia yenye maelfu ya wafanyakazi, na nyumba ya vyumba vitano haitashinda. Nafasi yetu ipo kwenye maswali membamba ambayo jibu lake analo mkaazi tu. Nilikaa jioni moja nikitafuta kama mgeni. Nikishuka uwanja wa ndege wa Manda navukaje? Basi la Mombasa linaishia Mokowe, na boti ya kuvuka hapo ni kiasi gani? Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, huendwa saa ngapi? Kurasa za juu nilizozisoma ziliandikwa na watu waliopita siku mbili, na iliyojibu la Takwa ilisema unaweza kwenda wakati wowote. Mashua huingia Takwa kwa kupita katikati ya mikoko maji yakijaa. Yakitoka unabaki na tope. Mashua ya kisiwa cha Pate kupitia mkondo wa Mkanda nayo husubiri maji. Nahodha yeyote wa gatini anajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ni lini, na maji mafu, yanapojaa kidogo, ni lini, na ujuzi huo hauko popote kwenye utafutaji. Ukurasa mmoja unaoeleza hilo kwa ukweli, wenye bei zilizoandikwa tarehe ya kukaguliwa, una thamani kuliko makala hamsini za fukwe.

Mfano wangu mwingine ni Maulidi. Watu huja Lamu kwa Maulidi kutoka pwani nzima, Tanzania na Komoro, na wengi wao hutafuta kwa Kiswahili. Sherehe hufuata mwezi wa Mfungo Sita wa kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo kwa kalenda ya kizungu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Nilizokuta ni kurasa za miaka iliyopita zenye tarehe zilizokwisha. Anayeandika ukurasa wa Maulidi asifungue mpya kila mwaka. Aendelee na uleule, anwani ileile, abadilishe tarehe na maelezo, ili kila aliyewahi kuutaja awe bado anauelekea. Na auandike kwa Kiswahili. Wanaotafuta kwa Kiswahili ni wachache kuliko wa Kiingereza, ni kweli, lakini wanaowaandikia ni wachache zaidi.

Lugha ina mtego wake pia. Mgeni wa ng'ambo hatafuti jahazi wala mashua. Huandika "dhow", neno moja kwa vyombo vyote. Fundi wa kuunda vyombo wa kijiji cha Matondoni, ambaye kwa kutazama omo, yaani mbele ya chombo, tu anakwambia hili ni jahazi na lile ni dau, hulichukia neno hilo, nami namwelewa. Hata hivyo mwenye mashua akikataa kuliandika kwenye kichwa cha ukurasa, aliyekusudia kumkodi hatamwona. Naona heri neno la mgeni likae mlangoni na maneno yetu yamngoje ndani, ajifunze tofauti akishaingia. Majina ya mahali yana shida ndogo zaidi. Shela huandikwa Shella pia. Malindi wenzetu magofu yao wanayaandika Gede, na UNESCO iliyaingiza magofu hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 kwa jina la Gedi. Google huzielewa tahajia kama hizi kwa kiasi kikubwa. Kutaja zote mbili mara moja kunatosha.

Yapo yasiyotibika kwa SEO. Anayeuliza kama Lamu ni salama hupelekwa kwanza kwenye tahadhari za serikali za nje, na ndivyo inavyopasa. Tovuti ya nyumba ya wageni haina mamlaka hayo. Mwenye nyumba anaweza kueleza kwamba kaunti ni kubwa, kisiwa na msitu wa bara ni mambo mawili, na kumwelekeza mgeni asome tahadhari yenyewe maana hubadilika. Kuyaficha ni kosa, na mgeni atayakuta tu.

Hoja iliyonitikisa zaidi ni ya kijana mmoja anayeendesha mashua. Aliniuliza kwa nini amwandikie Google majibu bure, wakati sasa akili mnemba inayachukua na kuyatoa juu ya matokeo bila mtu kufungua tovuti yake. Google ilianza kuonyesha muhtasari wa namna hiyo kwa watu wote Marekani Mei 2024, kisha ikaueneza nchi nyingine. Ana haki ya kuuliza. Swali la nauli ya boti litajibiwa hukohuko juu, na mwandishi hatapata hata mtembeleaji mmoja. Ninaloweza kumwambia ni kwamba nauli haikodi mashua. Mtu anayetaka kulala Kipungani na watoto wawili na bibi asiyeweza kupanda ngazi atahitaji kuongea na mtu, na atamtafuta yule ambaye maelezo yake yanaonyesha amewahi kuwapeleka watu wa aina hiyo. Kama jibu hili litasimama miaka mitano ijayo, siwezi kuapa. Kwa sababu hiyo namsihi kila mwenye biashara asiache daftari la namba za wageni wake. Namba hizo ni zake. Nafasi kwenye Google ni ya kuazima.

Shangazi aliachana na fundi. Tuliondoa herufi nyeupe na makala za kunakili, watembeleaji wakashuka mno, na hakuna mgeni wa chumbani aliyepotea kwa hilo. Kubwa tulilolifanya halikugharimu kitu. Alama ya nyumba kwenye ramani ya Google ilikuwa imekaa mtaa wa pili, wageni wakizunguka vichochoroni na masanduku huku punda wakiwapita. Tukaisogeza, tukaweka saa, namba ya simu na picha ya mlango, kwa sababu Langoni mlango ndio anwani. Google inasema matokeo ya mahali huyapanga kwa ufaafu, umbali na umaarufu. Mawili ya mwisho hatuyawezi kwa siku moja, la kwanza tuliliweza kabla ya adhuhuri.

Jina la nyumba sasa tukilitafuta, tovuti yake inatokea, ingawa juu yake kuna tangazo la mtandao wa kubuku ulionunua jina hilohilo. Wiki ya pili aliandika mama mmoja wa Tanga, kwa Kiswahili, akiuliza vyumba vya Maulidi kwa watu sita. Zilizosalia ni picha za vyumba, kila moja megabaiti tano kama zilivyotoka kwenye simu, na kwa anayetumia bando zinafunguka polepole mno. Tangu Julai 2018 Google huuhesabu mwendo wa ukurasa kwenye simu. Shangazi ameshaniambia nije Ijumaa baada ya swala tuzipunguze.