Aksesi pointi za kampuni mbili chini ya kontrola moja

Nyumba ya wageni ikiongezwa ghorofa, iwe Kirumba au Capri Point hapa Mwanza, Wi-Fi nayo huongezwa kwa awamu. Chini zilifungwa aksesi pointi, yaani vifaa vya kurusha Wi-Fi, za kampuni moja. Juu zinaletwa za kampuni nyingine kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Kisha mwenye nyumba anamuuliza fundi: hizi zote haziwezi kuongozwa na kontrola moja, yaani mtambo mmoja wa kuzisimamia?

Kwa maandishi zinaweza. Mwaka 2009 IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, ilitoa itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) ya CAPWAP, RFC 5415, kwa lengo hilohilo. Lakini kampuni ziliongeza mambo yao juu yake, nyingine zikatunga itifaki zao kabisa. Aksesi pointi ngeni ikibisha hodi kwenye kontrola, kwa kawaida haifunguliwi.

Wanaotaka kuchanganya wana hoja nzito. Kifaa kizima hakitupwi, na anayejifunga kwa kampuni moja hulipa leseni kwa bei ya kampuni hiyo. Tena njia ipo: baadhi ya vifaa hukubali kuwekewa OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kampuni, vikasimamiwa kwa OpenWISP, kontrola huria. Mimi ningeikubali pale tu palipo na fundi wa kudumu. Fundi wa kuitwa akishahamia Dar es Salaam, mwenye nyumba anabaki na mtambo usiojulikana na mtu.

Upande wa pili una ushahidi wa redio yenyewe. Kwenye masafa ya redio ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mifumo miwili inayojichagulia chaneli kwenye korido moja, bila kujuana, itasumbuana. Na simu kuhama haraka kutoka aksesi pointi moja hadi nyingine, kwa kiwango cha 802.11r, kunataka aksesi pointi zigawane funguo za usalama, jambo ambalo za kampuni tofauti kwa kawaida hazifanyi. Mgeni anayepanda ngazi akiongea kwa WhatsApp atasikia mazungumzo yakikatika, hata kama jina la mtandao na nenosiri ni lilelile.

Kwa hiyo naona muungano ufanywe kwenye swichi, kifaa kinachokutanisha nyaya za mtandao, si kwenye kontrola. VLAN ya wageni (mtandao wao uliotengwa ndani ya swichi) iwe moja, RADIUS (seva ya kuhakiki wanaoingia) iwe moja, chaneli zipangwe kwa mkono, na kila kampuni ipewe jengo lake au upande wake. Za zamani zikusanywe zote upande mmoja, hata kama ni kazi ya siku nzima ya kuvuta nyaya. Wakati huo umeme wa PoE, unaopita kwenye waya wa mtandao, uangaliwe: kifaa cha volti 24 kikichomekwa kwenye injekta (kifaa cha kuingiza umeme huo) ya volti 48 isiyokagua kwanza kinaweza kuungua. Na majengo yakiwa zaidi ya moja, kati yake ipite faiba badala ya shaba, kwa radi hizi za Ziwa Victoria.

Muuzaji akisisitiza kwamba kontrola yake inapokea kila chapa, apewe aksesi pointi ya zamani aiunganishe mbele ya mnunuzi, kisha abadilishe chaneli yake kutoka kwenye kontrola. Kuiona tu kwa SNMP, itifaki ya kufuatilia hali ya vifaa, hakutoshi.