DJ anayeondoka ndiye anayeharibu makabidhiano

Usiku ukipoa kati ya DJ mmoja na mwingine, lawama humwangukia anayeingia. Ameweka reggae baada ya amapiano, watu wakaelekea kaunta, basi yeye ndiye asiyejua kazi. Mimi naona kinyume. Mara nyingi kosa lilishafanyika dakika ishirini nyuma, na aliyelifanya ni yule aliyekuwa akishangiliwa: alimaliza nyimbo zake kali zote, kasi juu, sauti juu, akashuka mezani na kumwachia mwenzake mlima. Na nyuma yake yuko promota aliyepanga majina kwa ukubwa wa picha kwenye posta, bila kuuliza kila mmoja anapiga nini.

Mombasa huwezi kulikwepa jambo hili. Posta moja ya Desemba, iwe Nyali, Bamburi au kule Mtwapa, yaweza kubeba DJ wa reggae, wa bongo flava na singeli, wa amapiano, na mgeni kutoka Nairobi mwenye gengetone na dancehall. Harusini ndiyo usiseme: akina mama wanataka chakacha, vijana wanataka amapiano, na kuna mzee ameshamtuma mtoto mara mbili kuulizia rumba. Ladha zinapishana, ndiyo, lakini kinachoangusha makabidhiano ni kasi, na kasi ina hesabu yake.

Reggae ya roots hutembea kwenye mapigo 65 hadi 80 kwa dakika. Dancehall na gengetone huzunguka kati ya 90 na 105, afrobeats 95 hadi 115, amapiano 108 hadi 115, house 118 hadi 128. Singeli, iliyozaliwa mitaani Dar es Salaam, huvuka 200 na nyingine hukaribia 300. Ukizitazama namba hizo utadhani singeli na dancehall haziwezi kukaa meza moja. Kumbe hizo ndizo rahisi: singeli ya 200, nusu yake ni 100. Mguu unaendelea kuhesabu 100 ileile huku ngoma za juu zikikimbia mara mbili, na hakuna aliyelazimika kusimama kujipanga upya. Kadhalika hip hop ya 87 na drum and bass ya 174.

Kazi iko kwenye namba zisizogawanyika. Dancehall ya 100 kwenda amapiano ya 112 ni ongezeko la asilimia 12, na hulifanyi kwa wimbo mmoja. Anayeondoka alibebe kwa nyimbo tatu za mwisho: 104, 108, kisha 112. Kila hatua ni karibu asilimia 4, na ukiwa umewasha kitufe cha kushikilia ufunguo wa wimbo (kwenye mashine za Pioneer kimeandikwa Master Tempo) hakuna atakayeisikia. Bila kitufe hicho, asilimia 6 tu hupandisha wimbo nusu toni nzima, na mwimbaji anayejulikana huanza kusikika kama mdogo wake. Kitufe nacho kina mpaka: ukipita asilimia 8 au 10 sauti ya mtu hutetemeka na ngoma hupoteza makali, kwa sababu mashine inakata wimbo vipande na kuviunga upya. Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri ya mwaka 1979, ilimpa DJ asilimia 8 tu juu na chini. CDJ za leo, zile mashine za Pioneer za kuchezea nyimbo, zina 6, 10, 16 na WIDE, inayofika asilimia 100. Huo ni uhuru mkubwa kuliko masikio yanavyoweza kuvumilia.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. House ya 124 ukiivuta polepole hadi 100, watu wanahisi uchovu ambao hawakuwa nao. Hapo msimamo wangu ni mmoja: usishushe, kata. Weka mwangwi kwenye pigo la mwisho la mstari wa nane (mstari mmoja ni mapigo manne), uache ufe wenyewe kwa sekunde mbili tatu, kisha wimbo mpya uanze kwa sauti ya mtu, si kwa ngoma. Sauti inayojulikana huwafanya watu wapige kelele kabla hawajagundua kwamba kasi imebadilika. Kuna DJ wengi wanaoona kukata ni aibu, kana kwamba kazi yote ni kulinganisha mapigo. Aibu ni ngoma mbili zinazogombana kwa dakika nzima huku mtu akisukuma kitelezi cha kasi.

Njia ya tatu ni ya hesabu zaidi. Amapiano ya 112 ukiitoa robo unapata 84, kasi ya R&B nyingi za zamani. Chukua wimbo wa 84, uufunge kwenye mzunguko wa robo tatu ya pigo: mzunguko huo hujirudia mara 112 kwa dakika, sawasawa na amapiano. Upandishe taratibu juu ya amapiano, toa amapiano, kisha fungua mzunguko na wimbo urudi kwenye 84 yake. Programu ya Virtual DJ inaweza kupangiwa kitufe cha mzunguko wa urefu huo. Fanya mazoezi nyumbani kwanza, maana ukifungua mzunguko nje ya pigo la kwanza kila mtu atajua.

Chakacha ina lake. Pigo la chakacha linagawanyika mara tatu, la amapiano mara nne. Hata ukizilinganisha zote kwenye 110 kamili, manyanga ya amapiano na vigoma vya chakacha havitakutana ila kwenye pigo lenyewe. Katikati ni vurugu, na wanawake wanaokizungusha kiuno kwa tatu hawatajua wafuate nini. Kwa hiyo usizichanganye ngoma kwa ngoma. Toa besi na trebo yote ya amapiano, bakisha kinanda, kisha chakacha iingie na ngoma zake peke yake. Ukitaka daraja refu zaidi, zipo afro house za 120 hadi 123 ambazo nazo hugawanya pigo kwa tatu. Wimbo mmoja wa namna hiyo katikati unawageuza watu bila wao kujua wamegeuzwa.

Tena rekodi nyingi za zamani za chakacha na taarab zilipigwa na watu, si kompyuta. Zinaanza kwenye 106 na kumalizia 111, kwa sababu mpiga ngoma alipata moto. Programu iliyopima dakika ya kwanza haitakuambia hilo, na ukiwasha kitufe cha SYNC, kinacholinganisha kasi chenyewe, itakupoteza ifikapo ubeti wa pili. Zima SYNC, changanya kwa mistari minne tu, mkono ukae kwenye gurudumu. Francis Grasso, anayetajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kulinganisha mapigo, alifanya hivyo New York mwishoni mwa miaka ya 1960, tena na santuri zilizopigwa na wapiga ngoma wa kweli. Taarab inakupa afueni moja: utangulizi mrefu wa ala usio na ngoma nzito. Huo ni mlango ulioachwa wazi. Utumie kumtolea nje DJ aliyetangulia.

Sasa anayeondoka afanye nini? Dakika kumi na tano za mwisho si zake tena. Amuulize mwenzake maswali mawili: unafungua na wimbo gani, na kwa kasi gani. Asiuguse wimbo huo, wala mkubwa wowote wa mtindo ule. Nyimbo zake mbili za mwisho ziwe za katikati, zile ambazo watu wanazicheza lakini hawapigi mayowe, na ya mwisho kabisa iwe na mkia wa ala wa mistari 16 au 32 bila mwimbaji. Mwenzake akiingia, besi iwe ya mmoja tu kwa wakati mmoja: mpya unaingia besi yake ikiwa imezimwa, kisha kwenye mstari wa kwanza wa fungu jipya, besi ya zamani inatoka na mpya inaingia kwa mpigo mmoja. Besi mbili pamoja huleta matope na kuiacha amplifaya ikihema.

Vyombo ni nusu ya kazi, na hapo ndipo Mombasa huumia zaidi, kwa sababu shughuli nyingi hazina CDJ. Kila mtu anakuja na laptopu na kontrola yake. Kinachofanyika mara nyingi ni kuchomoa waya kwenye kontrola moja na kuchomeka kwenye nyingine, muziki ukiwa umekatika na amplifaya zikiwa wazi. Kile kishindo kinachosikika kinaweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Dawa yake ni rahisi: miksa ndogo yenye njia mbili za stirio, moja ya kila DJ, na jozi mbili za waya wa RCA kwenda jeki kubwa. Anayeingia anajichomeka kwenye njia ya pili ikiwa imeshushwa hadi sifuri, anasikiliza kwa hedifoni, na makabidhiano yanakuwa kupandisha kitelezi kimoja na kushusha kingine. Waya ukinguruma baada ya kuchomeka chaja ya laptopu, ni mzunguko wa ardhi, umeme unaozunguka kupitia waya za ardhi za vifaa viwili; kisanduku cha DI chenye transfoma, kinachowekwa kati ya laptopu na miksa, huumaliza. Na kwa kuwa hewa ya chumvi hula vichwa vya RCA hata vikiwa ndani ya mkoba, vifute kwa kisafishaji cha vifaa vya umeme, na beba jozi ya akiba.

Sauti nayo huibwa kidogo kidogo. Anayeingia anataka asikike zaidi ya aliyetoka, anaongeza desibeli 3. Wa baadaye 3 tena, na wa tatu 3. Kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu inayodaiwa amplifaya, kwa hiyo hizo 9 ni mara nane. Kufika saa nane usiku taa zote ni nyekundu, kinga ya amplifaya inabana kila pigo, na nyimbo zote zinasikika zimebapa. Fundi wa sauti aweke alama ya tepu kwenye kitelezi kikuu, na kila DJ apandishe geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya njia yake hadi taa za njano, basi. Rekodi za zamani za taarab na rumba huwa ndogo kuliko za leo, kwa hiyo geini irekebishwe wimbo kwa wimbo. Kitelezi kikuu hakiguswi.

Penye CDJ, kasheshe huwa flashi. Iliyofomatiwa kwa mfumo wa NTFS haisomwi kabisa. CDJ-3000 husoma exFAT, lakini CDJ-2000NXS2 haisomi, kwa hiyo FAT32 ndiyo salama kila mahali. Nyimbo zipitishwe rekordbox, programu ya kuandaa nyimbo za CDJ. Ukizikokota tu kutoka folda hadi flashi, zitacheza lakini bila gridi ya mapigo iliyoandaliwa. Mashine zikiwa zimeunganishwa kwa kebo ya mtandao, flashi iliyo kwenye mashine ya kwanza huenda ndiyo inayolisha wimbo unaocheza kwenye ya pili. Ukiing'oa mapema, ama unapata mzunguko wa dharura unaorudia mapigo manne mbele ya watu wote, au kimya. Shikilia kitufe cha kusimamisha USB hadi taa yake izime, ndipo uchomoe. Kisha anayeingia arudishe vyote katikati: besi, kati, trebo, kichujio, azime mwangwi, atazame SYNC. SYNC iliyosahauliwa ndiyo inayomfanya mtu wa reggae aone wimbo wake wa 75 umevutwa na kukimbia bila sababu.

Ufukweni kuna mtego mwingine. Sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo spika kubwa zikiwa mita 15 mbele ya meza, DJ anazisikia zikiwa zimechelewa karibu sehemu 43 za elfu za sekunde. Kwenye house ya 120 pigo zima ni 500. Kuchelewa huko kunatosha kumfanya alinganishe hedifoni na mwangwi, na mapigo yakose kukutana bila yeye kujua. Spika ya meza iwe karibu na sikio, hata kama ni ndogo na mbovu, na makabidhiano yafanywe kwa hiyo.

MC ni kifaa pia, ila kifaa kinachotumika vibaya. Mtu mwenye maiki anaweza kuziba vizuri zaidi sekunde nane za kukata kutoka 124 hadi 75 kuliko athari yoyote kwenye miksa. Apewe ishara ya mkono, ataje jina la anayeingia mara moja, aseme neno moja la mtaa, anyamaze mwimbaji anapoanza. Akiendelea kuongea juu ya ubeti wa kwanza, amemnyima DJ mpya ile sauti inayojulikana ambayo kukata kote kuliitegemea.

Promota anaweza kuyapunguza haya yote kwa simu tatu siku moja kabla. Apange kwa kasi: reggae mapema watu wanapoingia, kisha dancehall na gengetone, amapiano, house, na singeli mwishoni au papo hapo baada ya dancehall. Kama jina kubwa lazima lipige saa sita na linapiga roots, aliyetangulia aambiwe mapema amalizie wapi. Zamu ziandikwe zikipishana dakika kumi, wote wawili wakiwa mezani, wakipeana wimbo kwa wimbo. Na malipo yahesabiwe hadi mwisho wa dakika hizo kumi, anayeondoka akae karibu hadi wimbo wa pili wa mwenzake uishe, kwa sababu kama kuna njia iliyobaki imezimwa au kichujio kilichosahauliwa, yeye ndiye anayejua alikigusa saa ngapi.